Kifimbo Kilichotupwa

“Breki huuliza mzigo.” Ndivyo mjomba wenu alivyomwambia Shuma jana, alipomsikia akimfokea mdogo wake aliyerudi na matokeo mabaya ya mtihani. Nanyi mmekuja kuniuliza breki zimeingiaje hapo. Methali hii ilianza barabarani, kwenye mteremko wa Wundanyi.

Wakesho alikuwa na pikapu kuukuu ya kushushia nyanya Mwatate. Breki zake za nyuma, za dramu, zilikuwa zimechoka. Shemeji yake Mghanga, aliyekuwa fundi, akazing’oa na kumfungia za diski zilizotoka kwenye gari kubwa zaidi. Walipoijaribu imejaa kreti za nyanya, ilisimama kwa utulivu kabisa.

Jioni, Wakesho akirudi bila mzigo, manyunyu yakianguka, alikanyaga breki kumkwepa mbuzi. Magurudumu ya nyuma yaliganda. Mkia ukazunguka, pikapu ikasimama inatazama ilikotoka, korongo likiwa pembeni yake.

“Shemeji, umenifungia breki au punda?” alimuuliza Mghanga alipofika kwake.

“Asubuhi si uliisifu wewe?”

“Asubuhi ilikuwa na nyanya. Kesho nampeleka mama kliniki, na mama si kreti. Nimwambie abaki na ugonjwa wake?”

Mghanga hakubisha. Waliipeleka kwenye uwanja wa mnada, wakapakia mawe. Ikasimama vizuri. Wakayashusha. Mkia ukarushwa. Mguu ule ule, ardhi ile ile.

“Ajabu,” Mghanga alisema. “Breki hazijui kama tumeshusha.”

“Zile za zamani zilijuaje?”

Mghanga alimtazama, kisha akaenda kuchakura kwenye vyuma chakavu. Alirudi na kifimbo chembamba.

“Hiki kilishika ekseli ya magurudumu ya nyuma, kikapanda hadi penye mafuta ya breki. Kilinizuia kupitisha bomba, nikakitupa. Nilidhani ni cha kuzuia kelele!”

Walikirudisha, wakachuchumaa kukitazama. Bodi iliposhuka kwa mawe, kifimbo kiliruhusu mafuta mengi kwenda nyuma. Ilipoinuka, kiliyapunguza, magurudumu yasigande. Mghanga alikirekebisha, wakajaribu tena na tena, mpaka pikapu tupu ikasimama imenyooka.

Kesho yake mama alipanda mbele. Kwenye kona ile ile Wakesho alikanyaga breki, na pikapu ikatii. Akamweleza mama yaliyotokea.

“Kwa hiyo kazi ya kifimbo ni kuuliza tu?”

“Kuuliza mzigo, mama.”

“Basi kina adabu kuliko watu wengi.”

Tangu siku hiyo, yule mama akimkuta mtu anamfokea mwenzake, alimwambia tu, “Breki huuliza mzigo,” akaenda zake. Watu wakayachukua.

Sasa mfikirieni yule mdogo wake Shuma, alivyoingia mlangoni jana hana hata neno la kujitetea. Sauti inayomtuliza aliyejaa kiburi humpindua aliyerudi mtupu. Breki huuliza mzigo.