Finjani ya Jemadari

Hapo zamani, katika mji wa Wadi Sumra, ulioko kati ya majabali na mchanga, palikuwa na sultani jina lake Mutlaki, mwenye mali ya kumtosha na hofu ya kumzidi. Hofu yenyewe ilikuwa ya binamu yake, Sultani Shahini, aliyetawala ng'ambo ya jabali. Kwani utotoni waligombea mbuzi, na mbuzi alikwisha kufa lakini ugomvi ukabaki. Basi akaja Jemadari Ruperti kutoka Magharibi, ana askari na mizinga, akasema, "Maulana, sisi ni rafiki zako. Tutakulinda." Ikafungwa ahadi mbele ya kadhi, na maneno yake aliyapanga Jemadari mwenyewe: askari watakaa Wadi Sumra, wakila na kulala kwa Sultani, mpaka Jemadari aseme basi.

Sultani akayaona maneno matamu, maskini. Ikawa leo askari wanachukua kisima, kesho wanachukua bustani ya kadhi. Sultani akinung'unika, Jemadari humwuliza kwa upole, "Je, nimesema basi?" Na kwa kuwa mzinga hugeuzwa upande wowote, Sultani hunyamaza.

Katika mji huo alikuwapo Sarhani, fukara asiye na kitu ila nyumba ya udongo kilimani na mama yake mzee, Bi Ghazwa. Watu walimwita punguani, maana neno alilishika vile vile lilivyosemwa. Siku moja askari wakawatoa nyumbani, wakauweka mzinga pale palipokuwa na kitanda cha mama. Bi Ghazwa akalala zizini mwa jirani, akikohoa, na kila kikohozi kilimchoma Sarhani moyoni. Kulipokucha akaenda barazani.

"Maulana," akasema, "zamani nilikuwa na mlango, nikiogopa wezi. Sasa nina ulinzi, sina mlango. Niombee kwa hao wanaonilinda wanirudishie."

Wazee wakainama wasije wakacheka. Sultani akaona haya, na haya ikageuka hasira. "Ewe Sarhani, kwa kuwa una ulimi mrefu, waondoe wewe. Ila asitukanwe mtu, asipigwe mtu, wala mimi nisivunje ahadi. Ukiweza, nyumba ni yako. Ukishindwa, mchukue mama yako mwende jangwani, nisiwaone tena."

Sarhani alijua kwamba mama yake hatafika mbali jangwani. Akapiga moyo konde, akasema, "Nimesikia, Maulana. Naomba jambo moja tu. Ijumaa Jemadari akija barazani, nimimine kahawa mimi."

Sasa, kahawa ya nchi ile ina adabu zake. Mgeni aliyetosheka hasemi neno. Huitikisa finjani kidogo, na mmiminaji akapita. Asiyetikisa huongezwa, na kuiacha finjani imejaa ni kumdharau mwenyeji. Jemadari, aliyejua unene wa kila ukuta wa mji ule, la dharau aliambiwa, ila la kutikisa hakulijua, kwa kuwa tangu aje alikunywa chai yake hemani mwake.

Ijumaa ikafika, wazee wakaketi, na kadhi yupo. Sarhani akaja na dele la kahawa chungu. Jemadari akanywa, akasema, "Asante."

"Karibu," akajibu Sarhani, akamimina.

Akanywa tena. "Asante sana."

"Karibu sana," akasema Sarhani, akaijaza mpaka ukingoni.

Ikawa hivyo, asante na karibu, karibu na asante, hata Jemadari akatoka jasho, macho yakamtoka pima. Mkono ukaanza kutetemeka, naye Sarhani akaingiwa na hofu, kwani finjani ikitikisika tu kazi imeharibika. Akamimina upesi kabla haijatikisika. Hapo Jemadari akasimama, akapiga kelele, "Basi! Nimesema basi!"

Sarhani akaliweka dele chini. "Shekhe kadhi, umesikia?"

"Nimesikia," akasema kadhi, "tena mara mbili."

"Nilisema kahawa!" akasema Jemadari.

"Ahadi haikutaja basi ya nini," akajibu kadhi, akiikumbuka bustani yake. "Na maneno uliyapanga wewe, bwana."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka. Naye Jemadari, aliyejisifu kila siku kwamba watu wake hawavunji ahadi, akakosa pa kutokea, akafunga mizigo, akaenda zake na mizinga yake.

Kesho yake, Sarhani alipokuja barazani kushukuru kwa nyumba yake, kicheko kilikwisha, hofu imerudi. Sultani akasema, "Sasa nani atanilinda na Shahini?" Na kabla hajajibiwa, akaingia mjumbe wa huyo huyo Shahini. Sultani akashika kiti.

"Bwana wangu anakusalimu," akasema mjumbe. "Amesikia kwamba unaye mtu hodari wa kumimina kahawa, anaomba umwazime. Jemadari Ruperti amerudi kwetu na mizinga yote, na kwetu pia hajasema basi."

"Kwenu? Huko anamlinda Shahini na nani?"

"Na wewe, Maulana."

Sultani akalitazama jabali. Kisha akageuka kwa Sarhani, akamwuliza kwa sauti ya unyonge kama atakubali kwenda.

"Nitakwenda, Maulana," akasema Sarhani, "ila kesho. Leo natandika kitanda cha mama."

Nami finjani yangu nimekwisha kuitikisa. Asiyeniona na aniongeze.