Uulize Mto Kabla ya Kukata Mwanzi

“Mwanangu, mwanzi huo uliukata kwa ajili ya maji gani?”

Swali hilo aliliuliza jirani mmoja zamani, mama mtu mzima, akiwa amesimama na kikapu cha mboga kichwani.  Na kutokana na swali hilo tukapata msemo ambao jana mlimtupia Edmundi mkicheka, alipokwama kwenye utelezi na pikipiki yake mpya ya kutembelea lami: Uulize mto kabla ya kukata mwanzi. Mmetaka kujua ulitoka wapi. Endeleeni kupukuchua mahindi, nami nitawaambia, maana ulizaliwa hapa hapa bondeni kwetu, na haukuzaliwa kwa ajili ya pikipiki.

Mto wenyewe ni Luhavo, huu mnaovuka kwenda kanisani. Siku hizo ulikuwa mwembamba kama ulivyo leo, ila kingo zake zilijaa vichaka, na maji yake yalikuwa baridi na meupe kiasi kwamba ungeweza kuhesabu mawe ya chini. Wazungu wa shamba la chai walikuwa wamepandikiza humo samaki wa madoa kutoka kwao. Wazungu wakaondoka, samaki wakabaki.

Samaki huyo si kama kambale. Haokoti tope. Hukaa nyuma ya jiwe akitazama juu, anangoja mdudu adondoke majini. Kwa hiyo wazee wetu walifunga manyoya ya shingo ya jogoo kwenye ndoano ndogo mpaka ikafanana na nzi, wakamtua nzi huyo juu ya maji taratibu, kama aliyeanguka mwenyewe. Na mwisho wa mshipi walifunga uzi mwembamba sana, karibu na unywele, kwa sababu samaki wa madoa ana macho. Akiuona uzi, haji.

Sasa, palikuwa na mzee akiitwa Lutengano Mgaya, na binti yake Yusta. Yusta aliolewa na kijana wa ziwani, Longino Haule, wa kule Nyasa. Longino hakuwa mlevi, wala hakuwahi kumpiga mkewe. Alikuwa mchapakazi, ila alikuwa mtu wa kuvuta. Akitaka jambo, liwe, na liwe sasa hivi.

Mama yake Yusta alipofariki, Yusta alipanda huku milimani kuzika. Matanga hayajaisha, Longino akatokea uani na kusema muhogo unaoza shambani, twende. Yusta akasema, bado. Longino akamshika kifundo cha mkono, akamwinua kutoka kwenye mkeka mbele ya waombolezaji, akamvuta mpaka njiani. Yusta alikwenda. Hakulia. Mwezi haukuisha akarudi kwa baba yake na furushi lake, akakaa pale pale kwenye mkeka aliotolewa, asiseme chochote kuhusu mumewe, la kheri wala la shari.

Kwetu palikuwa na desturi. Mume aliyemkosea mkewe hakuja na maneno, kwa sababu maneno kila mtu anayo. Alivua samaki katika mto wa nyumbani kwa mke, kwa mkono wake mwenyewe, akamweka kwenye ungo mbele ya wakwe. Mke akimpeleka jikoni, yamekwisha. Akimwacha pale pale kwenye ungo, basi hata wazee hawakuwa na la kuongeza, ndoa imekufa. Mzee Mgaya alimtumia mkwewe habari kwamba wazee wangekaa Jumapili, baada ya ibada. Asipokuwa na samaki, asihangaike kuingia uani.

Longino aliposikia hivyo alicheka kidogo. Samaki? Yeye mtoto wa ziwani? Alipanda mlima akiwa na mwanzi wake wa nyumbani begani, mnene, mgumu, wa kuwatoa samaki wakubwa kwenye maji makuu. Ziwani, samaki akigusa ndoano, unamnyanyua kwa nguvu zako zote mpaka anaangukia mtumbwini. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na kule alikuwa hakosei.

Alifikia kwa rafiki, akashuka Luhavo alfajiri ya Ijumaa. Nzi wa manyoya alipewa na huyo rafiki, na mshipi pia. Akarusha. Mara ya kwanza mwanzi ulimpiga nzi majini kama jiwe, samaki wakatawanyika. Baadaye akapata bahati, samaki mmoja akapanda, akammeza nzi. Longino akavuta. Uzi ukakatika kabla hata mkono haujafika begani. Ikawa hivyo tena, na tena. Akafikiri, huu uzi ni mbovu. Akatoa mshipi wake mnene wa ziwani, akamfunga nzi huko. Samaki wakaja, wakautazama ule mshipi, wakarudi nyuma ya mawe yao.

Jumamosi ilimkuta bado pale, nzi wamebaki wawili. Ndipo Mama Skolastika akapita. Huyu alikuwa jirani wa Mzee Mgaya, mjane, na shamba lake la mianzi ya kugema ulanzi, pombe yetu, lilishuka mpaka mtoni. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi wa Luhavo. Alisimama akamtazama Longino akirusha, akaguna.

“Baba, unavua au unachimba viazi?”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye mkwe wa Mgaya. Nilikuona msibani.”  Akauangalia ule mwanzi kutoka shina hadi ncha. “Mwanangu, mwanzi huo uliukata kwa ajili ya maji gani?”

 Longino akasema, “Mwanzi ni mwanzi, mama.”

“Na mke ni mke, sivyo? Haya, njoo huku.”

Akamwongoza hadi kibandani kwake, akachomoa kwenye paa mianzi mitatu ya marehemu, yote mirefu sawasawa, mikavu, imechorwa rangi na moshi. Akafunga kibuyu kidogo cha chumvi kwenye ncha ya wa kwanza, akampa aushike.

“Unainama wapi?”

“Kwenye ncha tu.”

“Huo unaitikia kwa kichwa. Huo ni wa bwawa la shamba la chai, kuna upepo na unataka kurusha mbali. Mume wangu hakuuacha nyumbani akienda huko.” Akahamisha kibuyu kwenye wa pili, nao ukapinda katikati. “Huu unaitikia kwa kiuno. Ni wa kule chini mto unakopanuka. Shika huu mwingine.”

Mwanzi wa tatu ulianza kupinda nchani, ukaendelea kupinda polepole mpaka Longino akausikia ndani ya kiganja chake.

“Huu umelegea, mama. Kama uji wa mgonjwa.”

“Umelegea, ndiyo. Ukienda nao ziwani watakucheka na watakuwa na haki. Lakini hapa unarusha kwenda wapi? Kijito chenyewe mbuzi anaruka. Na uzi wako ni unywele. Samaki akivuta, lazima kitu fulani kikubali. Mwanzi usipokubali, uzi ndio unakatika. Wewe ulikata mwanzi kwanza, ndipo ukaja kuutafuta mto. Mto ndio unaoulizwa kwanza.”

Longino aliukunja ule mwanzi, akauachia, akaukunja tena. Hakuwa mjinga. Nadhani hapo alikuwa ameacha kufikiria samaki.

Wakarudi mtoni. Kazi haikuwa rahisi, msifikiri. Mwanzi ule hautaki haraka. Unarusha mshipi nyuma, unangoja unyooke wote hewani, ndipo unaurudisha mbele. Longino alikuwa haungoji. Mshipi ukawa unamwangukia kichwani, mara unanasa kichakani. Mama Skolastika akawa amekaa kwenye jiwe anachambua mboga zake, na kila mara anasema, “Mngojee nzi.” Au anasema, “Bado hajafika, na wewe umeshaondoka.” Mwisho akachoka kusema, akafunga kikapu chake na kupanda nyumbani.

Jumapili kengele ya kwanza ilipogongwa, Longino alikuwa bado mtoni. Nzi amebaki mmoja. Ibada ilipokaribia kuisha, akamtua nyuma ya jiwe la kijani, pale chini ya daraja, taratibu. Maji yakafunguka. Longino akahisi uzito ukipita kwenye mwanzi mzima mpaka kwenye kiganja, na mwili wake wote ukataka kuvuta. Alikuja kusema baadaye kwamba kuuzuia mkono ule kulimchosha kuliko kupiga kasia siku ya dhoruba. Akauacha mwanzi upinde. Samaki akikimbia, anampa nafasi. Akitulia, anamrudisha kidogo. Walikwenda hivyo mpaka watu wakaanza kupita darajani wakitoka ibadani, wengine wakasimama, lakini yeye hakuwaona. Kisha akaingia majini hadi magotini, akamchukua samaki kwa mikono miwili.

Alipoingia uani kwa Mzee Mgaya wazee walikuwa wamekwisha kukaa. Yusta alikuwa kwenye mkeka, karibu na mlango. Mara zote Longino alikuwa akimsalimia mkwewe kwa kichwa, amesimama, ingawa kwetu mkwe huchutama. Siku hiyo alichutama, suruali inachuruzika maji. Akamweka samaki kwenye ungo, na mwanzi akaulaza pembeni.

Mzee Mgaya hakumtazama samaki. Aliuchukua mwanzi, akaubonyeza ncha kwa kidole, akauona unavyokubali mpaka shinani.

“Huu si wako.”

“Si wangu, baba. Wangu haukufaa mto huu. Mama Skolastika ndiye aliyeniuliza kama niliuuliza mto.”

Mzee mmoja akakohoa. Mzee Mgaya akangoja.

“Siku ile ya msiba,” Longino akasema, “nilivuta. Sikuuliza.”

Hapo Yusta akaligusa jambo hilo, mara ya kwanza tangu arudi. Aliongea akitazama mkeka.

“Matanga ya mama hayakuisha.”

“Nimekuja na blanketi,” Longino akasema. “Nitakaa mpaka utakaposema wewe.”

“Na muhogo?”

“Uoze.”

 Mzee Mgaya akausimamisha mwanzi ukutani, akawageukia wazee wenzake na kusema, si kwa sauti kubwa, “Wenye vijana wa kuoa na wenye mabinti wa kuozwa, kawaambieni. Uulize mto kabla ya kukata mwanzi. Huyu kachelewa, lakini ameuliza.”

Wote wakautazama ungo.  Yusta akainuka mwenyewe, bila kushikwa na mtu, akafunga vizuri khanga yake, akauchukua ungo pamoja na samaki, akatoka kuelekea jikoni.