Gauni la Kijani la Bi Jauhari

Katika mji wa Shungubari, zama za Sultani Ghalibu bin Shahabi, ambaye enzi yake ilikuwa kubwa na masikio yake madogo, aliishi mwimbaji akiitwa Bi Jauhari, na alipoimba yeye hata wagombea mirathi walisahau walichogombea. Nguo zake za jukwaani alizishona Mwanashee, mjane maskini, kwa mkono wake, miaka ishirini, na kila baada ya shughuli alizifukiza udi kwa chetezo cha shaba, wala hakuzitia maji asilani. Ndani ya chetezo hicho alikaa jini Dukhani, aliyenaswa na sauti ya Bi Jauhari akaapa kumtumikia mwenye kukishika. Na kila nguo isiyotiwa maji ilihifadhi sauti ya aliyeivaa, na moshi wa jini ukiigusa ilisema. Siri hiyo waliijua wanawake wawili tu.

Bi Jauhari alipofariki, Waziri Ghaithi, mtu asiyewahi kumtuza marehemu hata kikuba cha yasmini, alikuja na askari akakomba nguo sitini, na viatu, na vipuli, na hata kitana chenye nywele, ati anajenga Jumba la Kumbukumbu. Kisha, jamani, akazifua! Kwa sabuni na wanga!

Mwanashee alipozikuta zimeanikwa alishika kichwa. "Bwana Waziri, nguo ya mwimbaji haifuliwi, hufukizwa!"

"Hebu nipishe, bibi wee. Wageni wa Sultani waje kunusa jasho?"

Siku ya ufunguzi jina la Waziri lilijaa kila ukuta, na la Mwanashee halikuwapo hata nyuma ya mlango. Gauni moja tu halikuonekana, la kijani, na Waziri akanena, "Ewe Maulana, limeibwa na fundi huyu."

Mwanashee akalitoa ndani ya buibui lake. "Sikuiba, Maulana. Alinipa marehemu mwenyewe, akiwa amelivaa, siku aliyokata roho."

"Basi marehemu na aje aseme," akacheka Waziri.

Na Sultani, bila hata kuuliza swali la pili, akahukumu kwamba asiye na shahidi atoke mjini kabla ya adhuhuri, na gauni aliache.

Damu ikamchemka Mwanashee. "Miaka ishirini nimechomwa sindano vidole hivi, leo niitwe mwizi na mtu wa kuja na sabuni! Nipeni makaa nilifukize mara ya mwisho, nitoke na harufu yake."

Akapewa, akatoa kile chetezo cha shaba buibuini, akaweka udi, akapuliza, na moshi ukapanda mpaka darini ukawa jini mwenye kilemba.

"Labeka, bibi yangu."

"Zisemeze nguo hizi, Dukhani."

Jini akazizunguka moja moja, nazo kimya kama maiti, na machozi ya moshi yakamtoka. "Nani kaziua?" Akafika kwenye gauni jekundu la lulu, lililotundikwa katikati, na papo hapo likafoka kwa sauti ya mke wa Waziri: "Ghaithi, geukia kule na mikoromo yako! Na hizo ndevu ulizopaka piko zimenichafulia mto!"

Loo! Baraza zima likaangua kicheko, na mke wa Waziri akajifunika ushungi mpaka puani. Kumbe nguo hazikutosha ukumbi, bwana akaazima kabatini kwa mkewe, bila kulifua!

Mwisho moshi ukaligusa lile la kijani, na sauti ya Bi Jauhari ikasikika, dhaifu, na kikohozi juu yake: "Mwanashee, mwenzangu, hili ni lako. Mimi niliimba, wewe ulinisitiri."

Sultani akalia. Akamvua Waziri kilemba, akamwamuru apepee makaa chini ya nguo zile sitini mpaka zirejewe na sauti. Na hadi anazikwa hazikusema. Mwanashee akapewa jumba lile, na mali, kisha Sultani akamposa.

"Maulana, ulinihukumu kabla ya kunisikiliza. Andika kwanza jina langu mlangoni, kwa mkono wako, ndipo tuzungumze mahari."

Akaandika. Na siku ya harusi bibi harusi alivaa gauni la kijani lililofukizwa, likamwimbia lenyewe tangu alasiri hadi magharibi, na hakuna aliyethubutu kupiga makofi.

Basi enyi mnaosifu vazi, ulizeni na sindano ilikuwa ya nani.