Tunda la Kaburi la Ogola

Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza, na sitaki mtu ajifanye hakusikia.

Walikuwapo askari watatu wa miguu, kila mmoja na kipaji chake. Masalu alikuwa na macho. Akishakiona kitu, hakimpotei. Hokororo alikuwa na mgongo wa kubeba gunia pamoja na mwenye gunia. Mkude alikuwa na subira, ile ya kuudhi kabisa. Mwenzao wa nne alikuwa mvuvi wa Ziwa Viktoria, nao walimwita Mvuvi tu; jina la nyumbani hawakulijua. Huko vitani alikuwa akisokota kamba na kuwafungia wenzake mizigo kwa fundo la nyavu.

Siku moja ya mapigano Mvuvi akaangukia kwenye matete, na kikosi kikarudi nyuma.

Masalu hakurudi. Alilala topeni, risasi zikikata majani juu ya kichwa chake, macho kayakaza pale pale alipoanguka mwenzake. Matete yote yanafanana. Angegeuka kidogo tu, angepapoteza.

Hokororo akaja akitambaa. "Wapi?"

"Pale palipolala majani."

Akaingia, akamkuta ameshakufa, akambeba. Risasi ikampata begani, asimtue. Wakamzika mahali pakavu, hukohuko ugenini.

Vita vilipokwisha, Mkude akachukua kipande cha kamba ya Mvuvi chenye fundo lake, akaenda kutafuta kwao, akipita mwalo hadi mwalo, kila wavuvi wanapoegesha mitumbwi, akiuliza, "Fundo hili hufungwa wapi?" Wavuvi wakamcheka. Miaka ikaenda, mke wa Mkude akachoka kungoja, akaondoka. Hatimaye, karibu na Shirati, mama mmoja mshona nyavu akaishika ile kamba, akalipapasa fundo.

"Limezungushwa mara moja zaidi," alisema mama huyo, jina lake Awuor. "Ni kosa langu mwenyewe. Nilimfundisha hivyo mwanangu Ogola, na hakutaka kuliacha."

Kwao Wajaluo, mtu akifa mbali, na mwili wake usipatikane, huzikwa tunda la mwegea, refu na zito, badala yake. Miaka yote hiyo Mama Awuor alikuwa amekataa. Simziki mwanangu kwa kubahatisha, aliwaambia ndugu. Sasa Mkude akawaita wenzake, wakaeleza walichokiona, naye akakubali. Aliumia, lakini pia alipumua.

Kaburi likachimbwa. Mama Awuor akasimama ukingoni na tunda mikononi, akikohoa kwa maradhi ya kifua yaliyomshika tangu masika.

"Sina mtoto mwingine," alisema. "Atakayelilaza tunda hili ndiye mwanangu, na ndiye atakayenizika."

"Mama, bila mimi wangemtafuta wapi?" alisema Masalu.

Hokororo alifungua shati, akaonyesha bega. "Mimi nilimbeba, mama."

"Na bila mimi," alisema Mkude taratibu, "ungekuwa bado unatazama njia."

"Walilaze wote watatu," jirani mmoja akashauri.

"Hapana," alikata shemeji yake Mama Awuor. "Mwana wa mji huu alikuwa mmoja, na mahali pake ni pa mtu mmoja."

Mama Awuor alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na kila alipotaka kunyoosha mikono aliona haya kwa wale wawili waliobaki. Aliwapenda wote, na hilo ndilo lililomtesa. Tunda lilizidi kumwelemea, na lilikuwa halijaguswa na mtu mwingine.

Haya, mlioketi hapa. Lingekuwa mikononi mwako, ungemkabidhi nani?