Kanzu ya Papa Amuri

Kitendawili! Tega masikio, mjukuu wangu: nilipokuwa mzima nilimvika mtu mmoja; nilipokatwakatwa niliwanywesha maziwa watoto thelathini. Mimi ni nani? Usinipe mji upesi. Jibu liko Mangobo, hapa hapa kwetu Kisangani.

Mwaka ule bunduki za uasi zilikuwa zimenyamaza, lakini hospitali ilijaa vichanga thelathini waliofiwa na mama zao, na maziwa ya kopo yaliadimika kama chumvi. Wanawake wa Mangobo, wa kanisani na wa msikitini, wakakusanyika barazani kwa Mama Germaine. Walifumua suruali na vikwembe vikuukuu, wakashona mablanketi machache ya viraka, madogo ya watoto, ya kuuza sokoni Jumamosi, ili wanunue maziwa.

Zaina alikuja na sindano yake tu. Mishono yake ilikuwa midogo kama punje za ufuta. Agathe, mke wa mwenye duka, alileta furushi zima, na hakuacha mtu asahau.

"Bon, Mama Zaina," alisema mbele ya wote, "mimi nilileta muzigo muzima. Weye ulitoa nini?"

Wengine wakacheka chini chini. Zaina akakata uzi kwa meno.

Alhamisi viraka vikatimia, ila bitana ikakosekana. Upande wa ndani ulikuwa mishono mitupu, ya kumkwaruza mtoto. Nani angenunua?

"Mama Agathe, kwako hakubaki kitu?" Germaine aliuliza.

"Nguo zilizobaki ni za misa, ma chère! Nizipasue?"

"Basi hakuna soko. Hakuna maziwa."

Zaina akaenda nyumbani, akafungua sanduku. Mlikuwa na kanzu moja, nyeupe pe, yenye darizi shingoni, ya mumewe Amuri, aliyechukuliwa na wenye silaha asionekane tena. Desturi ni kugawa nguo za marehemu siku ya arobaini, lakini Zaina alikataa arobaini isomwe: nani ameliona kaburi? Kila Ijumaa aliianika kanzu ile, kana kwamba mwenyewe angeivaa kwenda kuswali.

Akashika mkasi.

"Amuri," akasema, "ukirudi, nitakushonea nyingine."

Akakata.

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, mablanketi yote yalikuwa yameondoka isipokuwa moja, na makopo ya maziwa yakapelekwa hospitali. Agathe akaligeuza lile la mwisho. Pembeni, juu ya bitana nyeupe, kidole chake kikagusa darizi ya shingo ambayo mtaa mzima uliijua.

Kisha, safari hii kwa sauti ya chini: "Mama Zaina, dada yangu... ulitoa nini?"

Zaina akainua kichwa, shingo imenyooka kama mnazi.

"Kanzu ya Amuri. Sikuwa na nyingine. Kutoa ni moyo, dada. Usambe ni utajiri."