Vazi la Mlinzi

Siku ile chumbani alikuwapo Bibi Desderia, amelala. Alikuwapo mwanawe Gaudensi, amesimama. Alikuwapo Siprian wa bodaboda, kaegemea mlango, anachezea ufunguo wa pikipiki. Alikuwapo Mama Otmari, jirani, siku yake ya kwanza kutoka nje tangu ajifungue, na mtoto wake mchanga mgongoni. Mtoto naye namtaja, kwa maana alikuwapo. Kandida, binti wa Bibi Desderia, hakuwapo. Alikuwa mji wa mbali anakofanya kazi, lakini godoro lililokuwa kitandani ni yeye aliyelinunua.

Bibi Desderia alikuwa na godoro zuri na mtoto mwema. Miguu yake ilikufa siku alipoanguka na ndoo ya maji, na tangu hapo, kuanzia kiunoni kwenda chini, ungeweza kumchoma kwa sindano asijue. Daktari alisema alale juu ya sponji nene, ngumu, isiyobonyea, na ageuzwe mara kwa mara. Kandida akaleta godoro. Gaudensi akabaki nyumbani kumgeuza mama yake.

Nataka mjue jinsi alivyomtunza, maana ukisikia mwisho utadhani alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu mbaya. Maji ya kumwosha mama uso aliyapasha moto kwanza, kwa sababu ya baridi yalimshtua. Uji aliuonja kwa mdomo wake kabla hajampa. Asubuhi alimbeba, akamlaza juu ya mkeka uani aote jua, akamfunika kanga miguuni ili wapita njia wasimtazame. Alipomgeuza alishika ncha za shuka na kuelekeza uso ukutani, kwa sababu mtoto wa kiume hautazami mwili wa mama yake. Sehemu ambazo mtoto wa kiume haoshi, alikuja kuziosha Mama Otmari kila siku, mpaka alipojifungua. Hapo akakaa ndani, kama ilivyo desturi yetu, kwamba mzazi haingii nyumba ya mgonjwa mpaka mtoto akomae.

Gaudensi alikuwa na starehe moja tu. Karibu na soko kulikuwa na kibanda cha gemu, na katika gemu moja alikuwamo askari aitwaye Mlinzi. Mlinzi anasimama penye lango, amevaa chuma mwili mzima, na nyuma yake kuna kijiji. Akisimama imara, hakuna hata mmoja kijijini anayekufa. Gaudensi alikuwa hodari sana kumchezesha. Pale kibandani vijana walimwita Kamanda. Mahali pengine pote aliitwa mtoto wa yule mama aliyepooza.

Mwenye kibanda akatangaza mashindano. Kila mwenye kupenda ajitengenezee vazi la mtu wa gemu, avae, apite mbele za watu katika ukumbi wa mji. Gaudensi aliporudi nyumbani siku hiyo, mama yake alimwona anatabasamu peke yake, akafurahi. Ilikuwa muda mrefu hajamwona hivyo.

Akaanza na alivyoviokota. Ndala zilizokatika akazipasua, akapata mikono ya lile vazi. Kwa fundi magodoro akaomba vipande vya kutupwa, akapata viwiko na magoti. Alikata kwa kisu cha jikoni, akabandika kwa gundi ya viatu, akakunja kwa joto la pasi ya mkaa, kisha akapaka gundi juu tena na tena mpaka sponji ikawa ngumu, na juu yake rangi ya fedha. Ukiona kwa mbali ungeapa ni chuma. Wanawake wa pale bombani walimcheka.

"We Gau, mwanaume mzima unashona sponji! Hiyo vita iko wapi?"

"Vita ikija mtaniita," alijibu, naye akacheka.

Lakini bamba la kifua lilitaka kipande kimoja kipana, kisicho na kiungo, nalo ndilo linalomfanya Mlinzi awe Mlinzi. Kipande cha namna hiyo hakikuwapo kwa fundi. Gaudensi akazunguka mji mzima, akarudi mikono mitupu. Asubuhi moja alipokuwa amemlaza mama uani, aliingia chumbani kutandika, akaona sponji iliyo bora kuliko zote iko mbele yake. Akafikiri. Akajiambia: Kuanzia kiunoni kwenda chini mama hasikii kitu. Nikikata upande huo, kwa chini, hataumia. Akafungua zipu ya foronya ya godoro, akaligeuza, akakata tabaka moja kwa upande wa chini, kama mtu anavyokata mkate. Akafunga zipu. Akatandika shuka vizuri, akanyoosha mikunjo, akatoka kumletea mama uji.

Kwa kuwa hapakuwa na kilio, alikata tena. Mapande ya mabega yalitoka mahali mama alipoweka makalio. Ngao za miguu zilitoka chini ya visigino vyake. Mwishoni akakata kwa ajili ya kofia. Na kadiri vazi lilivyonenepa, ndivyo muda wa kumgeuza mama ulivyopungua, kwa sababu gundi haimsubiri mtu, ikikauka imekauka.

Je, mama hakujua? Miguu yake ilikufa, mikono yake haikufa. Siku moja alipitisha mkono chini ya kiuno chake akagusa mbao za kitanda kupitia kitambaa. Akaurudisha mkono juu ya kifua. Gaudensi alipomuuliza kama ameoga vizuri, alisema najifuta mwenyewe, mwanangu, usihangaike. Hakuweza kujifuta mwenyewe. Mkono wake haukufika hata nusu ya njia. Lakini alisikia kutoka chumba cha pili mwanawe akiimba huku akikata, naye hakutaka wimbo ule ukome.

Ikafika siku ile niliyoitaja. Gaudensi alivaa vazi lote ili mama yake awe wa kwanza kumwona. Akasimama katikati ya chumba, kichwa karibu na paa, anang'aa. Siprian alipiga mluzi.

"Kamanda! Twende zetu, adui atachoka kusubiri."

Mama Otmari alikuwa ndiyo kwanza anaingia, na bakuli la mtori mikononi. Aliogopa kidogo, kisha akamtambua, akacheka. Bibi Desderia hakucheka. Alimtazama mwanawe tangu kofia mpaka miguu, kipande kwa kipande, na kila kipande alikijua kilikotoka. Akasema, "Kumbe mwanangu ni mkubwa hivi." Kisha akasema, "Kabla hujaenda, nigeuze, baba. Leo sijisikii vizuri."

Gaudensi akajaribu kuinama. Vazi halikukunjika kiunoni. Lilitengenezwa kwa kusimama tu. Kamba zake zilifungwa mgongoni, na kulivua kungechukua muda, na mabega yaliyobandikwa yangebanduka. Nje Siprian alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki.

"Nikirudi, mama," alisema.

Akatoka ubavu ubavu, kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba.

Mama Otmari akaweka bakuli chini, akamkaza mtoto mgongoni, akashika shuka, akamgeuza mgonjwa yeye mwenyewe. Harufu ndiyo iliyotangulia. Kisha akaona. Sitasimulia alichoona. Nitasema tu kwamba mahali pale palipokuwa hapaumi, mfupa ulikuwa nje. Mama Otmari akaketi kitandani akalia kimya, mtoto asije akaamka.

"Nimwite Gau," alisema. "Hajafika mbali."

"Usimwite," Bibi Desderia akamshika mkono. "Leo atapigiwa makofi. Hajawahi."

Wanawake wale wale waliocheka pale bombani ndio waliokuja Mama Otmari alipowaita. Walimfunga katika kanga zao, wakampakia kwenye bajaji, mmoja akamshika kichwa njia nzima ili kisirukeruke kwenye mashimo. Na kule ukumbini Gaudensi alipita mbele za watu, na watu wakainuka vitini. Walimbeba juu. Walisema hawajapata kuona Mlinzi kama yule.

Habari zilipomfikia, Gaudensi alifika hospitali angali amevaa, kofia kwapani, jasho linachuruzika. Muuguzi mmoja akamzuia mlangoni.

"Kaka, vua hayo. Humu hatuigizi."

Hakuweza kuyavua peke yake. Muuguzi huyo huyo ndiye aliyemfungua kamba mgongoni, moja moja, taratibu, kama anayemfungua mtoto. Kisha akamwingiza ndani. Ilikuwa saa ya kubadilisha kitambaa cha kidonda. Gaudensi akaelekeza uso ukutani kama alivyozoea. Muuguzi akasema, "Hapana. Leo tazama."

Akatazama.

Mama yake alimnyooshea mkono. "Walikupigia makofi?" aliuliza. Gaudensi aliitikia kwa kichwa. "Nilijua," mama akasema.

Gaudensi akarudi nyumbani na vazi begani. Akavua foronya ya godoro. Akachukua bamba la kifua akaliweka mahali alipolikata, na likaenea. Akaweka mabega, akaweka ngao za miguu, akaweka kofia. Vyote vikaenea, kila kimoja katika pengo lake, mpaka Mlinzi akawa amelala kitandani mahali pa mama. Gaudensi akabonyeza kwa kiganja. Ilikuwa kama kubonyeza mlango. Akamwagia maji ya moto. Akakwangua rangi kwa kile kisu cha jikoni, akasugua kwa mchanga, akakwangua tena hadi kucha zikatoka damu. Rangi ilitoka. Gundi ilikuwa imeingia ndani, na ndani hakufikii mtu. Sponji iliyokwisha kufanywa chuma haikurudi kuwa sponji.

Wakati huo Kandida alikuwa amepigiwa simu, naye hakugomba. Alisema tu, "Natuma godoro jingine, mwambie mama avumilie." Mama alivumilia. Jambo hilo alilijua kuliko wote. Alivumilia mpaka homa ikapanda kichwani akaanza kumwita Gaudensi na hali Gaudensi yuko palepale, amemshika mkono, akimwambia mama ni mimi, mama niko hapa. Akamjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtu wa njiani, kwamba mwanangu ametoka kidogo, ni mkubwa sana, anang'aa, ukimwona utamjua, mwambie aje anigeuze.

Ninyi mnaonisikiliza, kila mmoja ana mtu anayelala kimya ili yeye asimame. Huwa tunamletea uji. Huwa tunamnyooshea shuka. Nawauliza, na msinijibu mimi: ni lini mara ya mwisho ulimgeuza mtu huyo ukamtazama upande wa chini?

Godoro jipya lilifika siku ya tatu ya matanga. Wanawake waliotoka mbali walilitandika sebuleni, wakalilalia.