Sauti Iliyosema Nakuja

Hapo zamani, na si zamani sana, maana waliotenda haya bado tunasalimiana nao sokoni, palikuwa na mji wa Lumbasi. Mji mdogo, lakini ghala lake lilitunza unga na chumvi ya nusu ya nchi. Vita vya ndugu kwa ndugu vilipozuka, kila upande ulisema, "Tukiupata Lumbasi, tumeshinda."

Mbele ya mji kuna mto mpana wenye mamba, na pantoni iliyovutwa kwa waya. Ng'ambo waliishi wakulima, shemeji zetu, ndio waliolijaza ghala lile. Mtu wa ng'ambo akitaka kuvuka huita jina lake, na Kachenje, mvushaji wetu, hujibu, "Nakuja!" Miaka ishirini hakuwahi kusema nakuja asiende.

Asubuhi moja waasi wakatokea nyuma ya mashamba. Watu wa ng'ambo wakakimbilia mtoni, watoto migongoni, wakaita majina yao.

Kamanda Mbarushi, mlinzi wa mji, akamwuliza Bi Nyanjige, mtunza ghala, "Tukiwavusha hawa, chakula kitatosha?"

"Hakitoshi."

"Kateni waya."

Waya ukakatwa. Ng'ambo wakaita tena. Kachenje, kwa mazoea, ulimi ukamteleza: "Nakuja!"

Basi wakangoja. Msitu ulikuwa karibu, lakini wakangoja. Risasi ziliwakuta pale pale. Kufika adhuhuri hapakuwa na aliyeita tena.

Mji haukuanguka. Vita vikaisha, unga uliobaki ukaingia fukusi, tukaumwaga mtoni. Hata mimi nilimwaga, na sikuthubutu kutazama ng'ambo.

Siku hiyo Mwasiti, aliyenusurika akafiwa na wanawe watatu, alitupigia kelele kutoka kule: "Waya mpya hatuufungi mpaka aje mtu atuombe radhi makaburini! Mmoja tu, mwenye kosa. Msije kundi zima mkajificha nyuma ya mwenzenu!"

Tukachonga mtumbwi wa mtu mmoja, tukakaa kikao.

Kamanda akasema, "Amri ilikuwa yangu. Lakini waasi wangevuka nao, na mngeniuliza mji wenu uko wapi."

Bi Nyanjige akasema, "Aliniuliza, nikajibu. Magunia sikuwa nimeyahesabu. Niliwaogopea wanangu njaa. Ningesema kinatosha, huenda waya usingekatwa."

Kachenje akalia. "Nyinyi mliwafungia mto. Mimi niliwafungia msitu. Ningenyamaza, wangekimbia." Kisha akatugeukia sisi wengine. "Na nyinyi mliokuwa ukingoni? Mlinisikia. Nani alipaza sauti akawaambia nadanganya?"

Tukainamisha vichwa. Nilikuwepo, jamani. Nilikuwa na sauti, na sikuitoa.

Mtumbwi uko majini. Mwasiti amesimama ng'ambo, anangoja kama walivyongoja wenzake. Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msiangalie chini kama sisi. Je, nani anastahili kupanda?